Ngoma ya Kushukia

Kikundi cha ngoma ya isukuti cha Khayega kilifika uwanjani Kakamega asubuhi na mapema, kwa sababu kiliambiwa Bwana Phineas angekuja asubuhi na mapema. Jua lilipofika utosini, walikuwa wangali wanatafuna miwa kwenye kivuli cha lori la polisi. Bramwel alikuwa ameilaza ngoma kubwa juani ili ngozi ikaze. Dada yake Kageha alikuwa amezivaa njuga, akazivua, akazivaa tena. Ulikuwa mwaka wa uhuru, na mwaka ule hakuna mkubwa aliyepita Kakamega bila kupigiwa isukuti. Walimpigia aliyekuja kufungua daraja, wakampigia aliyekuja kulikagua lile daraja, na siku moja walimpigia muuza bima aliyesimamisha gari kununua ndizi tu. Yule wa bima alihutubia vizuri kuliko wote.

Bwana Phineas hakuwa wa kununua ndizi. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kugawa mashamba ya Wazungu kule Lugari, na tangu aipate kazi hiyo alikuwa mtu wa haraka kila mahali, isipokuwa pale alipokuwa akingojwa. Kila akija, alicheza kidogo na kikundi, akapangusa jasho, akasema, "Wachezaji wangu, mimi nitawakumbuka."

Maneno hayo hayakumpita Selpher, mama yao Bramwel na Kageha. Selpher alikuwa amepalilia mahindi kule Lugari tangu ujana wake, kwa Mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Kofia, mpaka siku Kofia alipofunga mizigo akaenda kwao. Kando ya kibanda alichokuwa akilala, Selpher alikuwa amepanda mpera. Hakutaka shamba zima la Kofia. Alitaka kipande kile chenye mpera, basi. Kiwanja chao cha Khayega kilikuwa kidogo hivi kwamba kuku wao akisogea kidogo wakati wa kutaga, yai lilikuwa la jirani.

"Leo ucheze sawasawa," alimwambia Kageha. "Huyu mtu asahau jina lako akitaka, lakini hiyo miguu aikumbuke."

Kageha ndiye aliyekuwa mrukaji wa kikundi. Wengine walitikisa mabega hadi yakaonekana yanataka kuwahama, naye alitikisa pia, lakini mwisho wa wimbo yeye huruka. Na kuruka kuna adabu yake. Anayeruka hashuki vivi hivi. Hushushwa na ngoma kubwa. Ngoma ikilia, mguu unakanyaga, wala si kabla. Hilo alifundishwa akiwa hajaanza hata kuota meno ya pili, pamoja na mengine mawili: kwamba mwanamke hagusi ngoma, na kwamba ngoma haipigwi mkubwa akiwa anasema.

Gari la Bwana Phineas lilifika, na isukuti ikapigwa hadi vumbi likapanda. Pembe ililia. Kageha akaruka. Alipokuwa juu kabisa, usawa wa kichwa cha mtu mrefu, Bwana Phineas aliinua mkono ili aanze kuhutubia, na kwa kuwa wapigaji walikuwa watu wenye heshima zao, walinyamaza papo hapo. Ngoma kubwa haikulia. Kageha akabaki juu.

Watu wa pale walielewa. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alisogeza kiti ili aweze kuona jukwaa.

"Kageha," Selpher alinong'ona kutoka chini, "vuta sketi."

Akaivuta. Hotuba ilikuwa ndefu, ya kushukuru, ya kuahidi, ya kushukuru tena. Kageha hakuwa na la kufanya huko juu ila kutazama. Aliuona uwanja wa Kakamega kama hajawahi kuuona: kofia zote kwa mpigo, vipara, vitambaa vya akina mama, watoto waliopenya kati ya miguu ya watu. Kisha Bwana Phineas akataja neno uhuru, na Kageha akaona kitu kilichomwingia moyoni kikakaa. Watu wote waliinua mikono wapige makofi. Kabla makofi hayajalia, pakawa na kitambo kidogo sana ambapo mikono yote ilikuwa hewani kama yeye, na uwanja mzima haukuwa na sauti. Kilikuwa kitu kizuri. Alitaka kukishika. Makofi yakalia, kikaenda.

Hotuba ilipokwisha, Bramwel aliipiga ngoma, naye Kageha akashuka.

"Umechelewa," mkuu wa kikundi alimwambia.

"Si mimi. Ni hotuba."

Wiki ile picha ya sherehe ikatoka gazetini. Bwana Phineas alikuwa katikati, mdomo wazi, na juu ya kichwa chake, kwenye ukingo wa picha, ilining'inia miguu miwili yenye njuga. Chini yake waliandika kwamba Bwana Phineas aliwahutubia wananchi. Selpher aliikata picha ile akaibandika ukutani kwa uji wa unga, akawaonyesha majirani miguu ya mtoto wake. Kageha hakufurahi. Si kwa sababu ya kukatwa kichwa, hilo alilisamehe. Kilichomuudhi ni watu wa nyuma, ambao mikono yao ilikuwa imeshagongana na kuanza kuachana.

"Huyu mpiga picha hajawahi kucheza," alisema. "Amebonyeza mambo yakiwa yameisha."

Jumatatu akaenda mjini, kwenye studio ya Mzee Rajabu Wamukoya, karibu na soko. Mzee Rajabu alikuwa Mwislamu wa Mumias, mpole, mwenye pazia lililochorwa ndege ya abiria ambayo nusu ya Kakamega ilikuwa imepigwa picha ikishuka ngazi zake.

"Hodi."

"Karibu, binti. Asalaam aleikum. Ah, wewe ni yule wa juu."

"Ndiyo, mzee. Nataka kufunzwa kamera."

Mzee Rajabu alimtazama, akatazama na miguu yake, akamwambia aanze kwa kufagia. Alifagia, akachanganya dawa, akaning'iniza filamu zikauke, akajua kukaa kwenye chumba cha giza bila kugonga kitu, jambo ambalo kwa mchezaji si kazi. Siku alipopewa kamera yenyewe, Mzee Rajabu alikaa kando akingoja aharibu. Kageha hakuharibu. Familia ya karani wa posta ilikuwa na mtoto aliyefumba macho katika kila picha tangu azaliwe, hata ile ya ubatizo. Kageha aliinama nyuma ya kamera, akangoja, akabonyeza mara moja. Picha ilipotoka, mtoto alikuwa amefumbua macho na alikuwa anakaribia kucheka.

"Umejuaje?" Mzee Rajabu aliuliza.

"Mabega, mzee. Mtu huchekanga na mabega kwanza. Uso unakuja nyuma."

Mzee Rajabu alifikiri juu ya jambo hilo siku nzima. Kisha akamnunulia kiti cha kwake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Kageha aliona kwamba harusi zote za Kakamega zilipigwa picha kwa namna moja: bibi harusi mbele, shangazi wamejipanga, na wengine wote wamefichwa na shangazi. Akamwomba Bramwel amfuate na ngoma. Watu wakishajipanga, Bramwel alipiga, Kageha akaruka na kamera kifuani, Bramwel akanyamaza. Kageha akawa juu. Alitazama taratibu, akawaambia wa kushoto wasogee, akamwambia mjomba avue kofia, akasubiri mabega ya watu yatulie yote kwa pamoja, akabonyeza. Kisha akamwashiria kaka yake kwa kichwa, ngoma ikalia, akashuka. Katika picha zile hakuna aliyefichwa. Hata yule aliyekuja kula tu na hakualikwa alionekana vizuri, sahani mkononi. Watu walizipenda mno. Padri mmoja alilalamika kwamba ngoma inavuruga misa, akaonyeshwa picha yake mwenyewe kutoka juu, akaagiza mbili.

Selpher alifurahi, lakini kila jioni alimuuliza swali lilelile. "Na huyo mtu wa mashamba, hajaja hapo kwenu kupigwa picha?"

"Bado, mama."

"Atakuja. Watu kama hao hupendanga uso wao."

Alikuja kweli. Bwana Phineas aliiona picha moja ya harusi kwa mashemeji zake, akaipenda, na roho ikamuuma kidogo. Siku ya kukabidhi shamba la Kofia ilikuwa imekaribia, akaja studio mwenyewe, manukato yakimtangulia.

"Nataka picha ya kihistoria," alisema. "Lakini wewe usiruke. Atakayeruka ni mimi. Wananchi wanione ni mtu wao."

"Sawa, Bwana Phineas," alisema Kageha. "Na mama yangu? Ulituambia utatukumbuka. Ni kale kasehemu tu kenye mpera."

"Siku hiyohiyo! Pale pale! Mama aje na jembe lake."

Selpher alikwenda na jembe lake. Walipelekwa Lugari kwa lori, kikundi kizima, ngoma katikati na akina mama pembeni. Njiani Selpher alipapasa mpini tu. Walipofika kwa Kofia, mpera ulikuwa pale, umekua kuliko alivyouacha, na jukwaa lilikuwa limejengwa karibu yake kwa sababu ya kivuli. Selpher akaenda akaushika shina. Kageha alimwona, akageuza uso, akajifanya anasafisha lenzi.

Isukuti ilipigwa. Bwana Phineas akavua koti, akaingia katikati, akatikisa alichoweza kutikisa. Kageha alimfuata kwa jicho la kamera. Aliona mabega yake yanajikusanya, akajua ataruka. Akaruka, na kwa uzito wake aliruka vizuri, hakuna aliyetegemea. Kageha akaona pia kwamba ule mkono wake wa kulia ulikuwa unainuka, kwa mazoea, kama ulivyoinuka mbele ya kila kikundi tangu apewe kazi. Angeweza kupiga kelele kumwonya. Badala yake alibonyeza.

Wapigaji waliona mkono, wakanyamaza. Bwana Phineas akabaki juu, mkono umeinuliwa, uso umeng'aa, na nyuma yake mikono ya watu wote iko hewani, haijagongana. Kageha alikuwa amekipata kile kitambo chake.

Kwa kuwa mkono ulikuwa umeshainuka, Bwana Phineas alihutubia. Alionekana kuridhika na mahali alipo. Alipomaliza, alisema, "Haya, nishusheni sasa nigawe mashamba."

Bramwel aliinua kiganja juu ya ngoma.

"Bado," alisema Kageha. "Sijamaliza picha."

Bramwel alimtazama dada yake, akashusha kiganja mapajani. Kageha alisogea na kamera mpaka chini ya viatu vya Bwana Phineas. 

"Bwana Phineas, itaje tu sehemu ya mama yangu. Mbele ya hawa watu. Halafu kaka yangu atapiga."

"Nitataja nikishuka."

"Utashuka ukitaja."

"Binti, kanuni ni kanuni. Anayegawa shamba sharti awe amelikanyaga. Karani atakuambia."

Cornelius, karani wake, kijana safi mwenye tai, alisema ni kweli, kanuni ilikuwa hivyo. Alisema kwa huzuni, maana alikuwa anajua pa kusimama. Watu wakaanza kuchangia. Mmoja alisema ataje kwanza, mwingine alisema washushe kwanza, wa tatu aliuliza kama chakula kitangoja. Hakikungoja. Bwana Phineas alipelekewa ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, kwenye sinia lililofungwa kwenye mti mrefu, akala kwa mkono mmoja, akasifu mapishi. Jua lilipotua, Cornelius alipanda ngazi akamfunika blanketi.

Asubuhi Selpher alimwita Kageha kando.

"Mshusheni."

"Mama, akishuka hatatoa kitu. Unamjua."

"Namjua. Lakini mtu akikaa juu sana anazoea. Mshusheni kabla hajazoea."

Kageha alisikia uchungu, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi waliyokuwa nayo na hakuona nyingine ikija. Hata hivyo mama alikuwa amesema. Alimwendea Bramwel, akamwashiria kwa kichwa. Bramwel aliipiga ngoma kubwa kwa nguvu zote, mlio ukavuka mahindi mpaka mtoni.

Bwana Phineas hakushuka.

Bramwel alipiga tena. Wakapiga zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ikalia. Akina mama wote waliokuwa wamekaa waliinuka bila kutaka, miguu ikawakanyaga yenyewe. Ndama aliyekuwa akiruka zizini alishuka. Bwana Phineas alibaki palepale, akipangusa miwani.

"Bado hamjapiga?" aliuliza.

Kageha ndiye aliyeelewa. Ngoma ya kushukia husikika kwa kisigino, na kisigino hufunzwa. Muda huo wote mtu huyu alikuwa amepigiwa isukuti kila kijiji, na hakuwahi kuisikia hata mara moja. Alikuwa akingoja tu inyamaze.

Aliwaeleza watu, wakaona ni kweli, wakakunja mikeka. Mkuu wa kikundi alisema hakuna wa kulaumiwa. Cornelius alikwenda kutafuta mafundi.

Mafundi walijenga meza yenye miguu mirefu, kiti wakaona hakihitajiki. Cornelius alipanda na kushuka ngazi akipeleka mafaili na chai. Mvua ilipoanza walimwekea bati. Wakubwa waliotoka Nairobi walikuja kumwona, wakainua shingo, wakakubaliana kwamba pale kuna hewa nzuri. Na kutoka kule juu Bwana Phineas aliweza kuona vitu ambavyo hakuwahi kuviona akiwa chini. Aliona kwamba shamba la Kofia lilikuwa kubwa kuliko alivyofikiri, kwamba upande wa mtoni udongo ulikuwa mweusi, na kwamba mawe ya mpaka yalikuwa yamewekwa ovyo. Alinyoosha kidole, mawe yakahamishwa.

Waliokuja kuulizia vipande vyao waliambiwa na Cornelius, kwa upole uleule, kwamba anayegawa sharti alikanyage shamba, na kama wanavyoona wenyewe, hajalikanyaga. Mashemeji wa Bwana Phineas hawakuambiwa hivyo. Wao hawakugawiwa, walikodishiwa tu, kwa miaka tisini na tisa, na kukodisha hakukuwa na habari ya kukanyaga.

Picha ya Kageha ilitoka gazetini, ukurasa wa mbele, nzima, bila kukatwa popote. Watu waliokuwa hawajui kusoma waliinunua. Mzee Rajabu aliitia fremu akaitundika juu ya lile pazia la ndege, na wateja wakaanza kutoka mbali, hata Kisumu, wakitaka kupigwa picha na yule binti anayejua kungoja. Bwana Phineas naye aliagiza yake, kubwa, ikafungwa kwenye bati lake. Alisema hajawahi kuonekana vizuri namna ile, na alisema kweli.

Selpher hakurudi Khayega. Alisema aliambiwa aje na jembe, naye alikuja nalo. Chini ya mpera, pale kivuli cha Bwana Phineas kilipopitia mchana, alilima kipande akapanda maharagwe na mboga za kunde, ambazo hupenda kivuli kidogo. Hakuna aliyemfukuza, kwa kuwa mwenye kufukuza alikuwa na mengi ya kutazama mbali. Bramwel alimletea mbegu. Kageha alikuja Jumapili moja baada ya ibada, kamera begani.

"Nipige picha," Selpher alimwambia. "Hapa hapa. Kabla huyo wa juu hajainama kuangalia chini."

Alijipanga na jembe lake, kitambaa kipya kichwani. Kageha aliinama nyuma ya kamera, akangoja, lakini mabega ya mama yake yalikuwa yamekaza kama ya mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Mama, kanyaga."

"Si nimekanyaga."

"Inua mguu kwanza. Halafu ukanyage."

Selpher aliinua mguu, akacheka kwa aibu ya kutikisika mbele ya watoto wake. Bramwel alikuwa amekaa kwenye shina la mpera na ngoma kati ya magoti. Hakuna aliyemwambia. Aliipiga mara moja tu, na mguu wa Selpher ukatua na ule mlio, udongo ukapanda kati ya vidole vyake. Kageha akabonyeza.

Msimu ule mpera ulizaa sana. Mapera yalichumwa na shemeji wa pili wa Bwana Phineas, aliyekuja na watu wake na magunia, na aliyemwambia Selpher kwa adabu zote kwamba maharagwe anaweza kuvuna kwanza, halafu aondoke. Selpher alivuna, akaondoka. Alirudi Khayega, kwa yule kuku na yule jirani.

Picha ile Kageha aliitoa yeye mwenyewe kwenye chumba cha giza, akaitia kwenye fremu nzuri, na sasa imetundikwa ukutani kwa mama yake, karibu na kile kipande cha gazeti chenye miguu miwili na njuga. Selpher anaonekana wote, kuanzia kitambaa mpaka kisigino, amekanyaga ardhi kwa mguu mzima, anacheka. Juu yake, kwenye ukingo wa picha, vinaning'inia viatu viwili vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri. Kageha angeweza kuvikata. Mzee Rajabu alimshauri hivyo, akasema vinaharibu mpangilio. Kageha aliviacha.

Wageni wakija, hutazama picha hiyo, wakamsifu Selpher kwa shamba lake, kisha wakauliza viatu ni vya nani.

"Ni vya mwenye shamba," Selpher huwajibu, akawamiminia chai.